Kidole Gumba na Kidole Kidogo

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou, Uchina, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliwahesabu wenzangu uwanjani mara tatu. Kumi na tatu. Nikamwuliza kocha, "Tunawasubiri hao wawili?" Walicheka mpaka wakakaa chini. Raga niliyoijua Mombasa ni ya watu kumi na watano. Hii ilikuwa raga ligi, ya kumi na tatu, na mimi nimeshatia sahihi mkataba!

Sikilizeni, vijana. Katika ligi ukiangushwa, mpira huung'ang'anii. Unasimama, unauviringisha nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea. Timu ikiangushwa mara sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo kila mtu anahesabu kichwani, na mimi kichwa ndicho nilichokuwa nikigongea watu.

Timu ilikuwa ya laoban mmoja, ndivyo wanavyomwita bosi kule, mwenye maduka ya nguo Zhanqian. Ukigongwa kichwa, daktari wa timu anakuuliza: "Tumeangushwa mara ngapi?" Ukikosea, unatoka, na ukitoka sana mkataba haurefushwi. Mke wangu Mwanaidi alikuwa na mimba, tunaishi chumba kimoja Sanyuanli. Basi rafiki yangu A-Qiang, winga, alikuwa akisimama nyuma ya daktari na kunionyesha vidole. Wallahi, nilifaulu msimu mzima, na siku nyingine hata jina la mji silijui.

Siku ya mwisho nilizinduka kwenye nyasi, dunia inazunguka. A-Qiang akanyoosha kidole gumba na kidole kidogo.

"Mbili," nikasema.

"Toka," daktari akajibu.

Mkataba ukaishia hapo. Nilimsimulia Mwanaidi, aliyezoea kupatana bei sokoni. "Masikini mume wangu! Kwa Wachina hiyo ni sita."

Sasa nimestaafu, niko Mombasa, funguo zangu nazikuta ndani ya friji. Sijui nimlaumu A-Qiang au nimwombee dua. Wiki iliyopita daktari wa hapa aliniuliza, "Mzee, una watoto wangapi?" Nikababaika. Mwanaidi, nyuma yake, akanyoosha taratibu kidole gumba na kidole kidogo.

"Sita," nikajibu upesi.

Daktari akatabasamu, akaandika. Nikaanza kuwatafuta kichwani, mmoja mmoja kwa jina. Mpaka tunafika nyumbani nilikuwa nimewapata wanne.