Sheria ya Kwanza Sikuiandika

Mimi ni mutu wa kusema kweli, na sisemi hivyo ili munisifu. Ni ugonjwa. Marehemu bwana yangu alizoea kusema kinywa changu hakina mulango.

Tulipokimbia vita tukajikuta chini ya shitingi za plastiki kule Munigi, juu ya mawe ya volkano, watu walinichagua kuwa mama shefu wa mahema ya mustari wetu. Kazi yangu ilikuwa kusema nani yuko na nani ameondoka, kila mara watu wa chakula walipokuja na lisiti yao ya majina.

Hapo ndipo akaja mwalimu, mama mmoja wa Butembo aliyejifunza yoga kwa Wahindi huko Kampala. Pasta alinung'unika ati ni mambo ya mashetani. Sisi tulienda tu. Saa nzima ya kupumua bila mutoto kukuvuta kikwembe, nani angekataa? Mwalimu alisema mwili peke yake hautoshi: kuna sheria tano za kuishi vizuri na watu, na kila siku angetufundisha moja. Siku ya kwanza nilikosa, nilikuwa kwenye mulongo wa maji. Kwa hiyo kaye yangu ya kuandikia masomo inaanzia namba mbili: Sema kweli.

Yesu wangu, namna nilifurahi! Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa sheria. Nilitembea kambini kichwa juu, kama mutu aliyepewa diploma.

Jirani yangu, hema lake likigusana na langu, alikuwa mama mujane wa Kalengera. Alikuja na watoto watatu. Mudogo kabisa alikufa kwa kuhara, tukamuzika pembeni ya kambi, tukilundika mawe tu kwa sababu pale hakuna udongo wa kuchimba. Mwezi ulipokaribia kwisha, mama yule aliniita kando.

"Mama shefu, wakiuliza, sema bado ni watatu. Ile sehemu ya mutoto ndiyo inafikisha hawa wawili mwisho wa mwezi."

"Mama, tuseme kweli."

"Kweli inakulika?" akaniuliza.

Acha niseme yote sasa. Wiki ileile tulikuwa tumegombana. Alimwaga maji machafu upande wangu, yakaingia chini ya mukeka wangu, na nilikuwa bado ninamukasirikia. Hasira ile sikuiandika katika kaye.

Bwana wa lisiti akafika. "Huyu ana watoto watatu?"

"Wawili," nikasema mbele ya wote, sauti safi kabisa. "Wa tatu tulimuzika."

Jirani yangu hakunitukana. Aliangalia chini. Yule bwana akaweka jina lake kando, ati lisiti inasema watatu, lichunguzwe kwanza, na siku ya kugawa unga mama yule akarudi na gunia tupu, amelikunja kwapani.

Kesho yake asubuhi akaenda porini na wamama wengine kutafuta kuni za kuuza. Pori lile wote tulilijua. Hatukulitaja hata jina, tulisema tu "kule". Aliniomba nimuangalizie watoto. "Nitarudi mbele ya saa sita," akasema. Wenzake walirudi wakikimbia, bila kuni, bila viatu. Walisema watu wenye bunduki walitokea, kila mutu akashika njia yake. Yeye hakurudi siku ile wala siku ingine.

Nilimuendea mwalimu na kaye mukononi. "Sheria yako imekula mutu!"

Alifungua kaye, akasoma, akarudi ukurasa wa mwanzo. "Mama, ya kwanza iko wapi?"

"Niliikosa. Nilikuwa kwenye maji."

Akakaa juu ya jiwe. "Ya kwanza ni usiumize. Kweli inakuja nyuma yake. Ukiona inaenda kuumiza mutu, unanyamaza kwanza, unatafuta njia ingine."

Nilitaka anitukane. Angenitukana, ningepumzika kidogo. Alinirudishia kaye yangu tu, na mimi nikalia kwa haya na kwa hasira, zote mbili.

Kambi ilivunjwa baadaye. Leo ninakaa mujini, Birere, chumba kimoja, na wale watoto wawili. Ninauza sombe, majani ya muhogo, na musichana, ndiye mukubwa, ananisaidia kutwanga. Siku moja alisimamisha mutwangio katikati ya kazi.

"Mama mukubwa, kule Munigi hakuna kambi tena. Mama akirudi, atatupata namna gani?"

Mimi huyu, kinywa bila mulango.

"Nilimuachia mutu neno," nikasema. "Anajua tuko Birere."

"Mutu gani?"

Nikataja wa kwanza aliyenijia kichwani. "Yule mama mwenye kuuza mandazi, karibu na barabara."

Akatabasamu, akaendelea kutwanga. Nikashukuru Mungu, nikafikiri safari hii nimeishika ile ya kwanza, usiumize.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani nikakuta chumba kitupu. Watoto walirudi jioni, vumbi mpaka magotini, musichana amemushika mudogo wake mukono. Walienda kwa miguu mpaka Munigi.

"Hatukumuona mama wa mandazi," akaniambia. "Labda Jumapili haendi kuuza. Tutarudi kesho."