Kompyuta za Kiwandani Zilivyonitoa Jasho hadi Sotik

Niliondoka nyumbani Kipkelion kwa sababu ya simu ya Mwalimu Kerubo, rafiki yangu tangu chuoni. Kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Roret kilikuwa kimeipa shule yao ya wasichana, kule Sotik, kompyuta zake kuukuu. "Ni kuzichukua tu, kuzipangusa tu na kuziwasha tu," alisema. Mimi hutengeneza kompyuta zilizotumika, hiyo ndiyo riziki yangu, na sijaona bado kazi yenye "tu" nyingi hivyo ikaisha kwa amani. Lakini Kerubo ni Kerubo. Nilifungasha bisibisi, brashi na flashi zangu.

Kericho tulikutana asubuhi, ukungu ungali umelalia mashamba. Alikuwa amekodi pikapu ya kubeba maziwa, na dereva alikuwa na haraka. Tukashika njia ya Roret, Kerubo akinisimulia jinsi wageni watakavyokuja kesho yake kuzindua chumba cha kompyuta. Nikashtuka. "Kesho? Na hatujaziona hata kwa macho?"

Roret tulipokelewa kwa kikombe cha chai na karani wa stoo, Bwana Odhiambo, mtu wa kando ya ziwa aliyefanya kazi pale hadi akaota mvi. Kompyuta zilikuwa zimelundikwa nyuma ya magunia ya mbolea. Kuku alikuwa ametaga juu ya moja.

"Beba zote, madam. Hiyo ni takataka," alisema.

Nilimwomba barua ya kuonyesha kwamba kiwanda kimezitoa, kwa maana polisi wakitusimamisha barabarani watauliza. Akaguna, akaiandika na kuigonga muhuri. Kisha nikawasha moja. Mbele yetu zikafunguka picha za vitambulisho vya wakulima, nambari za simu, kila kitu.

"Bwana Odhiambo, hizi diski hazijafutwa. Sheria hainiruhusu kuwapelekea wasichana wa shule siri za watu."

"Hiyo ni ya zamani, madam. Wengine hata wameacha chai."

"Kitambulisho kinazeeka?"

"Basi rudi wiki ijayo, mwenye ofisi atakuwepo."

Dereva alikuwa akipiga honi nje. Kerubo alinivuta mkono akaninong'oneza kwamba tutazifutia shuleni, hakuna atakayejua. Nikakataa. Nikamuuliza karani ni kompyuta gani aliyokuwa akitumia yeye. Akanionyesha, nikaiwasha, nikamwachia kiti.

Alitafuta kidogo, akacheka alipoona picha za harusi ya binti yake. Kisha akafungua karatasi za hospitali, zile alizopiga picha alipougua na kuomba ruhusa. Alifunika skrini kwa kiganja ingawa ni mimi peke yangu niliyekuwa karibu, na sikuwa nimesoma chochote.

"Hata mama watoto hajui hii," alisema polepole. Akasimama, akampigia simu mkubwa wake papo hapo, akamweleza, akapata ruhusa. "Madam, futa. Futa yote."

Kufuta diski vizuri si kubonyeza kitufe kimoja. Ni kuandika juu ya kila kilichokuwemo, na huchukua muda. Tulipofika katikati, stima ikapotea. Kiwanda kina jenereta, naam, lakini ni ya mashine za chai. Tuliporudishiwa stima nikaanza upya. Dereva alituacha akaenda zake na maziwa ya mtu mwingine, akarudi jioni akiwa amenuna.

Sotik, asubuhi iliyofuata, Mwalimu Mkuu, Bi. Koech, alikuwa ameshatandika vitambaa mezani, akanimiminia chai kabla sijashika kitu. Nilifungua kompyuta moja baada ya nyingine, nikapuliza vumbi, nikakagua. Mbili nilizitenga kando: vile vikopo vidogo vya ndani, vinavyotunza umeme, vilikuwa vimevimba. Nikazibandika karatasi: USIWASHE.

Zilizobaki nikaziwekea programu ya bure ya kuziendesha, inayoruhusiwa kisheria. Bi. Koech akainama, akakunja uso. "Chebet, hii si ile ya kawaida. Wazazi watasema tumeletewa feki. Kijana wa saiba ya intaneti pale stendi anaweka ile ya kawaida bure."

"Ile inataka leseni, Mwalimu. Yeye anaiba, na shule ndiyo itakayoshtakiwa."

"Kila mtu anafanya hivyo."

Nilitoka nje kunawa mikono ili nisije nikamjibu mkubwa vibaya. Nikiwa bombani, nikasikia mlio kama wa risasi. Nilikimbia ndani. Moshi, harufu kali, wasichana waliokuwa wameketishwa kungoja wageni wameruka nyuma. Bi. Koech alikuwa ameona meza ya mbele ina pengo, akaleta moja ya zile mbili, akang'oa karatasi na kuiwasha. Nilizima swichi kuu. Msichana aliyeketi hapo alikuwa mzima. Kitambaa kilikuwa kimeungua tundu.

Bi. Koech alimshika yule msichana mabegani, akamkagua mikono, vidole, uso. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Kisha akanigeukia: "Wageni watangoja. Wewe tuambie ipi iwashwe na ipi isiwashwe."

Wageni walikuta kompyuta chache kuliko walivyoahidiwa, na hakuna aliyeuliza habari ya feki.

Jioni nilirudi Kipkelion na zile mbili mbovu kwenye gunia. Mtunza bustani wa shule alikuwa ametaka kuzizika nyuma ya choo. Nilimwambia zina sumu, nitazipeleka kwa wenye kibali cha kuzivunja. Njiani nilijiuliza kwa nini nilichoka kuliko ukubwa wa kazi yenyewe. Nadhani ni hivi: kote nilikokwenda nilikaribishwa kikombe kwanza, na huku kwetu ukishakunywa chai ya mtu, ulimi huwa mzito kumkatalia. Kazi hii inataka "hapana" nyingi. Siku hizi huzisema nikiwa bado mlangoni, kisha ndipo ninakaa, ninakunywa.