Nilivyochagua earphone ya bei mbaya kwa kengele za ng'ombe Kwedizinga

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinikuta mwenyewe, na siongezi chumvi maana aibu yote ni yangu.

Shule niliiacha mapema, tangu hapo ni mtu wa kuzurura na kuuliza maswali.

Kipindi hicho nilikuwa Korogwe, namsaidia Fundi Mhina kufunga madishi. Kazi ilipoisha akanitolea earphone tatu za kuziba sikio, used kutoka nje, zile ambazo bei ya moja unapata simu nzuri.

"Chagua moja, ndiyo ujira wako. Kajaribu siku mbili. Ukishachagua, usiniletee habari za kubadilisha."

Nyeusi, ya silva na ya kahawia.

Nilisikiliza muziki mpaka masikio yakauma. Nyeusi ina besi ya kutikisa meno. Silva tamu. Kahawia niliiona imepoa tu.

Shida ni kwamba wimbo unaoujua, kichwa kinajazia chenyewe panapopungua. Nikaona nahitaji sikio lisilodanganyika.

Nikaenda Kwedizinga kwa rafiki yangu Lembris, mfugaji wa Kimasai. Huyu bwana anamjua kila ng'ombe wake kwa kengele, hata akiwa amempa mgongo.

Kundi lilipokuwa linanywa maji bwawani, yeye akiwa ng'ambo ya pili, nikakaa kivulini penye mizigo yake na kurekodi kwa simu. Aliporudi nikamvalisha earphone, moja baada ya nyingine.

Nyeusi: "Kengele ya yule mweupe haipo. Hii imemeza ng'ombe wangu."

Silva: "Wote wapo, ila wamesimama mahali pamoja."

Kahawia: akafumba macho, akaanza kunyoosha fimbo. Huyu kushoto. Yule nyuma. Ndama anachechemea.

Nikajua nimepata yangu.

Kisha akakunja uso. "Huyu anayekunywa karibu hivi ni nani?"

"Ng'ombe," nikajibu.

"Ng'ombe hafungui kibuyu."

Wakuu, ni kweli nilikunywa maziwa yake. Mafunda matatu hivi.

Nikadhani atalalamikia maziwa yaliyopungua. Wapi. Kwa vijana wa rika lake mtu hanywi maziwa peke yake, lazima mwenzake awepo.

"Mswahili wewe, ungeniita tu, tungekunywa wote. Kwa nini unajificha kama fisi?"

Adhabu yake ilikuwa ya kitaalamu. Akaita wenzake wanane waliokuwa pale bwawani. Wakapanga foleni. Kila mmoja akavaa ile ya kahawia, akasikiliza nikimeza, akanitazama, akampisha anayefuata. Mmoja akaomba arudishiwe mwanzo.

Wa mwisho akaivua taratibu. "Sauti iko safi. Mpaka koo linasikika."

Kesho yake nikamrudishia Fundi Mhina zile mbili. Akaniuliza mbona nimeacha yenye besi.

"Fundi, hii ina mashahidi tisa."

Hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Nilichojifunza: usipime earphone kwa kitu unachokipenda, utajidanganya. Mpe mtu anayeijua sauti moja kuliko wewe, halafu kaa kimya umsikilize.

Mnaotumia za bei mbaya, semeni mnapimia sauti gani. Na mnaotaka kunicheka, foleni ilianzia bwawani, simameni nyuma.