Siku Mswagaji Alipotangulia Mbele

Saa kumi na moja alfajiri, Kemondo. Mvua iliyoanza jana haina dalili ya kuchoka. Clavery Mushumbusi amesimama hatua moja nje ya kibaraza cha duka lililofungwa. Kibaraza ni kikavu, wangeweza kukaa watu sita na kunyoosha miguu. Yeye yuko nje, kiroba cha mbolea kichwani, maji yanamtiririka mgongoni.

Ubavuni mwake amesimama ng'ombe mwekundu mwenye mimba. Anaitwa Bihogo.

"Yeye haingii pale, pembe zinagoma," anasema Clavery. "Sasa mimi nikiingia peke yangu, ataniona mtu wa namna gani?"

Clavery, mwenye umri wa miaka 53, mkazi wa Izimbya, Bukoba Vijijini, ni mswagaji. Hutembeza ng'ombe wa watu kwa miguu, kutoka walikonunuliwa hadi wanakotakiwa. Aliacha shule darasa la tano akaingia barabarani, na hajatoka mpaka leo. Malori yamemnyang'anya wateja wengi. Aliobaki nao ni wenye ng'ombe wasiofaa kupakiwa: wakorofi, wagonjwa, na wenye mimba kama Bihogo.

Hii ni siku ya nne tangu watoke Muleba. Kwa safari kama hii hulipwa shilingi elfu hamsini, lakini safari hii wamepatana vingine.

Bihogo amenunuliwa na Bi Hafidha Awadhi wa Kitendaguro, mjini Bukoba. Mnyauko ulimaliza migomba yake yote. Anataka kupanda upya, na migomba bila samadi ni kazi bure. Ila kibanja chake, shamba la kuzunguka nyumba, ni kidogo, ng'ombe wawili hawaenei. Akamwambia Clavery: nifikishie mama na mimba yake, wazima wote wawili. Ikiwa dume, nakulipa fedha yako. Ikiwa jike, akiacha kunyonya ni wako.

Ndiyo maana Clavery hajalala vizuri tangu Muleba. Ameswaga ng'ombe hata hesabu imempotea, na hajawahi kumiliki hata mmoja.

"Nikipita, watoto wanaita, 'Tajiri wa ng'ombe huyo!' Nacheka tu," anasema. "Utajiri wangu ni mikia. Mswagaji anatembea nyuma, anachokiona maisha yake yote ni mkia."

Kunapopambazuka wanaondoka. Clavery anamshusha Bihogo kwenye majani, kando ya lami. Lami iliyoloa ni adui wa kwato. Ng'ombe mzito akiteleza, miguu inaachana, nyonga inatoka, na hapo ni kuita mwenye kisu. Kwenye majani nako ni matope. Viatu vyake vya plastiki vinabaki ardhini kila baada ya hatua chache. Mwishowe anavivua, anavining'iniza shingoni.

Fimbo anayo, lakini leo ni ya kujishikiza yeye. Anamwongoza Bihogo kwa mluzi. Bihogo akisimama, naye anasimama. Akipumua kwa shida, anamngoja.

Lori linapunguza mwendo. Dereva, Gamaliel, na Clavery wanafahamiana miaka mingi.

"We Ta Clavery! Nani anamswaga mwenzake hapo?"

"Pita na moshi wako!"

"Mpandishe bwana, nusu saa uko Kitendaguro unakunywa chai!"

"Nikimpandisha nitashusha wawili, mmoja amekufa."

"Basi panda wewe, yeye atakuja na mguu wake!"

Wote wawili wanacheka. Lori linaondoka na kuwamwagia maji ya barabarani. Kicheko cha Clavery kinakatika. Ameinama, anatazama kiwele kilichojaa.

"Aliyemuuza alisema bado mwezi mzima," anasema polepole. "Yule mtu amekosea hesabu. Huyu ni leo."

Kabla ya kufika Kyetema, Bihogo anaiacha njia mwenyewe. Anaingia kwenye kibanja cha mtu, anasimama katikati ya migomba. Mwenye kibanja, mama mnene aitwaye Edvina, anatoka jikoni na mwiko mkononi.

"We baba, ng'ombe wako anakula mibuni yangu!"

"Hali kitu, Ma Edvina. Anazaa."

Mwiko ukatupwa. Mama huyo akaleta majani makavu ya migomba, akatandika. Mvua ikapiga, Bihogo akalala, Clavery akapiga magoti kwenye matope. Zilitangulia kwato mbili za mbele, kisha pua. Clavery alivuta pale tu Bihogo aliposukuma. Ndama akatoka, akalala kimya kama nguo iliyoloa. Clavery akamfuta mdomo, akamkuna pua kwa jani. Ndama akapiga chafya.

Edvina ndiye aliyeinua mkia.

"Waitu, jike!"

Clavery alibaki amepiga magoti, mvua ikimwosha damu mikononi.

Ndama alikaushwa jikoni karibu na moto, mama yake amesimama mlangoni, kichwa ndani, mwili nje. Ndama akatolewa, akanyonya. Kondo la nyuma likatoka. Edvina akaleta ebitoke, ndizi zilizopikwa, na maharage, Clavery akala amesimama.

"Lala hapa," Edvina alimwambia.

"Banda huna, Ma. Usiku mmoja nje na mvua hii, huyu wa leo hafiki kesho. Bi Hafidha ana banda kavu."

Bodaboda mmoja alijitolea kumpakia ndama. Clavery alikataa. Mama akimkosa mtoto puani, alisema, hatembei. Atageuka kumtafuta hapa alipozalia.

Basi mchana, mvua ikiwa ile ile, alimfunga ndama kwenye kiroba chake, akamwinua, akamweka mabegani, miguu minne ameishika kifuani. Kichwa chake mwenyewe kikabaki wazi. Akaanza kutembea. Bihogo akafuata, pua yake ikigusa mgongo wa Clavery.

Kila kilima anamshusha anyonye, anambeba tena. Njia panda ya kwanza ya mji wanakutana na lori la Gamaliel likirudi tupu. Dereva anatoa kichwa dirishani, anatazama, safari hii hana utani.

"Ta Clavery, huyo ni wa nani?"

"Wangu!"

Giza linaanza kuingia wanapofika Kitendaguro. Bi Hafidha ametoka na kanga kichwani. Anamgusa ndama masikio, ya moto. Anamtazama Bihogo, amesimama vizuri.

"Wazima wote wawili," anasema. "Hongera, Mzee Clavery. Ingia ndani sasa, wewe ndiye utakayekufa."

Clavery anaingia bandani pamoja nao, anakaa kwenye majani makavu. Ndama akiacha kunyonya, anasema, atamtembeza polepole hadi Izimbya. Mkewe, Joviana, ameshaambiwa kwa simu na kachagua mahali pa banda. Kipimo cha mlango amekitoa Clavery mwenyewe: uwe mpana, ng'ombe na mtu wapite bila mmoja kubaki mvuani.

"Pembe zake bado hazijaota," anasema. "Muda wa kujenga ninao."