Kuku wa Posa Waliokula Dawa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mifugo Morogoro, miaka ya hamsini, nilitarajia bomba la sindano. Nikapewa beleshi. Nilichanganya dawa ya salfa, unga mweupe, kwenye pumba za kuku wanaohara damu, huku mkubwa wangu, Bwana Mifugo wa Wilaya, akinitazama kwa uso uliokunjwa.

"Kuchanganya si kazi," alisema. "Kazi ni kuwaambia watu wasubiri. Kuku akipona, dawa bado imo mwilini, hasa kwenye maini na figo. Ale kwanza chakula kisicho na dawa, ndipo achinjwe. Ukiona haya kulisema hilo, rudi kwenu ukalime."

Basi nilizunguka Mwembesongo hadi vijiji vya milimani nikisema hayo hayo mpaka watu wakanichoka. Kule Bigwa nilitibu kuku wa Mama Zena, na huko huko nikampenda Zena mwenyewe. Nikatuma mshenga. Siku chache baadaye tukaitwa kwao Zena, mimi na huyo mshenga, nikajitambulishe.

Tulipokwisha kunawa, Mama Zena akafunua bakuli kwa fahari.

"Karibuni. Sikuchinja kuku wa kuokoteza, Bwana Mifugo. Nimechagua wale waliokula dawa yako ya Serikali, ndio safi."

Siku za kusubiri zilikuwa hazijaisha. Mshenga, kwa heshima yake, alikwisha kuwekewa firigisi na maini. Na kukataa kuku wa posa ni kumkataa binti. Zena alikuwa nyuma ya pazia, anasikia kila neno.

"Mama, naomba tusiwale," nilisema. "Bado wana dawa mwilini."

Mshenga alinikanyaga mguu. Mama Zena akafunika bakuli, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Sisi Waluguru, mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wa Zena, aliyeketi nasi, akaniuliza:

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna, mzee."

"Leteni kisamvu," akasema. "Huyu tutampa mtoto wetu."

Sasa nimestaafu. Mgeni akija, Zena hunitania: "Kamuulize kuku wako kama ameshakuwa tayari." Nacheka, lakini moyoni nasononeka, kwa sababu nawaona nyinyi vijana mnaolisha kuku dawa asubuhi, na jioni kuku hao wako sokoni. Mnaniambia kusubiri ni hasara. Pale Bigwa mimi nilikuwa na mchumba wa kupoteza, na nilisema. Nyinyi mnapoteza nini?