Eliko wa Mume Wangu

Ninafundisha darasa la pili hapa Musonoi, na kazi yangu kubwa ni kuwazoesha watoto Kiswahili bora, kile cha vitabu, kwa sababu nyumbani na barabarani wanasikia kile chetu cha Katanga. Kutwa nzima nasahihisha. Mbwa anaanguka, jiwe linaanguka. Chenye uhai kinachukua a-, nisichoke kusema. Mume wangu ni fundi wa malori kwenye gereji moja ndogo inayohudumia wabeba mawe ya shaba, na jioni akisubiri ugali alikuwa akinitania: "Madame, bukari inaiva ao anaiva?" Nilikuwa nacheka. Sikujua kwamba sarufi hiyo hiyo nusura inifanye mjane.

Niseme wazi kwamba mimi ni mwenye wivu. Sikuambukizwa na mtu, nilizaliwa nao. Nimenusa ovaroli zake za kazi kwa miaka kumi na moja na sijawahi kukuta zaidi ya grisi, lakini bado nanusa. Kuna rafiki yake wa gereji, anakaa Mutoshi, wanacheka pamoja mpaka machozi yanawatoka, na mimi nikifika wananyamaza na kunipa kiti. Huyo rafiki nilimwonea wivu kabla ya kumwonea mwanamke yeyote.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba naanika sare za watoto kabla ya misa. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anaongea na rafiki huyo kwa simu, sauti chini. Nilisimama na kibanio mdomoni.

"Eliko hanipatie amani, ndugu," alisema. "Kila asubui, mbele nikule kintu, njo ananiamusha. Docteur alisema mi na yee tutaachana mu siku kumi na ine. Usiambie mutu. Zaidi muke yangu asiyue."

Angesema "inaniamusha", ningeendelea kuanika nguo. Alisema "ananiamusha". Chenye uhai. Na jina lenyewe, Eliko! Nililisikia kama jina la mwanamke wa Kinshasa, mwenye wigi hadi kiunoni na kucha zisizojua kusugua sufuria. Kichwa kilifanya hesabu chenyewe: anamwamsha kila asubuhi, basi anampigia simu kabla sijafungua macho. Daktari ameingia vipi katika mambo ya mapenzi? Hapo damu ilinichemka, maana jibu lilikuja upesi. Amemwambukiza. Wanatibiwa wote wawili, halafu ndiyo waachane.

Misa nzima nilipiga magoti bila kusali.

Jumatatu, alipokwenda kazini, nilipekua. Dawa nilizikuta ndani ya kiatu chake cha zamani, kwenye mfuko wa plastiki: vidonge vya aina mbili na vidonge vya gamba vya rangi mbili. Nilivipeleka kwa mama mmoja mwenye duka dogo la dawa karibu na shule. Alivigeuza kiganjani, akanitazama kwa huruma ile inayouma kuliko tusi.

"Amoxi na metro pamoja? Aa, mama. Hizi tunapatiaka bale banatembeaka inje."

"Na hii ya rangi mbili?"

"Ile ni ya tumbo tu, juu dawa ingine isimuchome."

Sikuhitaji kusikia zaidi. Kutoka dukani nilipanda pikipiki moja kwa moja hadi kituo cha afya, nikaomba nipimwe kaswende. Nilikuwa na hakika ninayo. Nilikuwa tayari nimepanga jinsi nitakavyoweka karatasi ya majibu chini ya sahani yake, aile na ugali.

Nikisubiri, nilisoma karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa sababu mwalimu hawezi kukaa mbele ya maandishi asisome. Ilikuwa na picha za vijidudu vilivyopinda. Wa kipindupindu, ambaye tunamjua sana hapa kila mvua zikianza, amepinda kama mkato wa sentensi. Wa kaswende amejisokota kama parafujo. Chini yake kulikuwa na mwingine, amejisokota pia, na mikia midogo nyuma, jina lake refu la Kifaransa. Nililisoma mpaka mwisho, nikaona hata kwamba linaanza na h ambayo Wafaransa hawaitamki. Kisha niliitwa ndani. Nilikuwa namtafuta mwanamke, sikuwa namtafuta mdudu.

Mtu wa maabara alirudi na karatasi. "Négatif, madame. Hauna kintu."

"Tazama tena."

Alicheka. "Mama, batu bote banakuyaka apa banaombea négatif. We unakasirika?"

Kweli nilikasirika. Nilitoka pale mzima wa afya na mikono mitupu, kwa sababu mzima hana cha kuweka chini ya sahani. Basi niliamua kumwadhibu bila ushahidi. Mfuko wa dawa niliusukuma ndani kabisa ya gunia la maharage. Kama anataka kupona ugonjwa wa Eliko, nilijiambia, akaombe dawa kwa Eliko.

Jioni hiyo alitafuta. Mimi nilikaa kwenye kibao namenya viazi vitamu, namwangalia. Alifungua kiatu, akakitikisa. Akafungua kingine. Akainua godoro, akapekua sanduku la funguo zake za spana, akarudi kwenye kiatu kilekile. Nilimuuliza kwa sauti tamu, "Baba, unatafuta nini?"

"Hakuna," alisema. "Spana moja tu."

Nilifurahi. Nalisema kwa aibu lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi hata nikamwongezea kiazi. Kila mara mkono wake ulipokwenda chini ya kifua na kubonyeza pale, nilidhani anamkumbuka.

Aliendelea hivyo siku tisa. Alikonda. Alikunywa maji ya baridi asubuhi, akakaa kitako mlangoni ameinama mbele, na mimi nilipita nyuma yake na daftari zangu bila kumsalimia. Siku ya kumi, asubuhi, alikuwa anafunga kamba za viatu. Alikohoa, akainuka haraka kwenda nje, akatapika karibu na bomba. Nilidhani ni kahawa. Ilikuwa nyeusi, yenye chengachenga kama mashapo ya kahawa, lakini asubuhi hiyo hatukuwa na kahawa ndani ya nyumba. Akatapika tena, na mara hiyo ilikuwa nyekundu.

Hospitalini walimlaza upesi. Mawifi zangu wawili walifika kabla sijapata mahali pa kukaa. Mkubwa hakunisalimia. Alisimama mbele yangu na kitenge chake amekikaza kiunoni.

"Ulimupikia nini?"

Hilo swali kwetu si la mapishi. Mwanamume akiumwa tumbo mpaka atapike damu, ndugu zake hawaulizi anaumwa nini, wanauliza nani amemlisha. Baba yao alikufa hivyo hivyo, akitapika, na mke wake wa pili alifukuzwa na watoto wake kabla ya matanga kuisha.

Daktari alitoka, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliuliza nani ni mke.

"Alimaliza dawa yake ya eliko?"

"Ya nani?"

"Eliko. Hélicobacter. Ni mududu, mama, anakaa mu tumbo, amejisokota sawa vis. Anatoboa. Tulimupatia dawa ya siku kumi na ine. Anasema alizipoteza mu siku ya tano." Kisha akawageukia mawifi zangu, maana alikwisha kuyajua macho yale. "Hakuna mutu alimulisha. Ni mududu. Pengine baba yenu pia alikuwa naye. Tunamupataka mu utoto, mu sahani ya kulia pamoja."

Wifi mkubwa alinishika mkono. Aliniomba msamaha mbele ya watu, na mimi niliupokea. Niliupokea! Nikaitikia "haidhuru" kama mtu aliyeonewa.

Damu ilihitajika. Walinipima, yangu haikulingana na yake. Ya rafiki yake wa Mutoshi, aliyekuja na ovaroli yake ya kazi, ililingana. Nilimtazama amelala, mkono umenyooshwa, damu yake inajaza mfuko kwa ajili ya mume wangu, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Alipomaliza nilimletea soda. Nilimuuliza kwa nini walinificha.

Alikunywa kwanza. "Mama, alikuwa anakukinga. Alisema, dada zangu bakiyua tumbo inaniuma, batasema ni muke yangu alinilisha. Batamufukuza sawa balifukuza ule wa baba. Alisema, acha nipone, njo nitamwambia."

Nilirudi nyumbani. Nilimwaga gunia lote la maharage sakafuni, nikatoa mfuko, nikaufuta vumbi kwa kanga. Sijui kwa nini nilitaka uwe safi.

Niliporudi hospitalini mume wangu alikuwa ameamka, midomo imepauka. Niliuweka mfuko juu ya shuka, karibu na mkono wake. Nilimwambia yote bila kupunguza: simu, kibanio, yule mwanamke wa Kinshasa niliyemuumba mwenyewe, kaswende, gunia. Nilimwambia kuhusu a- na i-. Nilitegemea atacheka kidogo hapo, maana lilikuwa jambo la kuchekesha, na yeye hucheka upesi.

Aliuvuta mfuko, akahesabu vidonge vilivyobaki.

"Ile jioni nilitafuta," alisema, "ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

Aligeukia ukutani. Hakunitukana, hakuniambia niondoke. Aliwaambia dada zake kwamba dawa zilidondoka kwenye pikipiki, na hadi leo ndivyo wanavyojua.

Walimwanzishia dawa upya, nyingine, kwa sababu daktari alisema mdudu akionjeshwa dawa halafu ikakatwa, anaizoea. Mimi pia nilipimwa. Ninaye. Pengine ninaye tangu mama yangu aliponitafunia nyama nikiwa sina meno, maana yake huyo Eliko niliyemchukia alikuwa tumboni mwangu mimi, kabla sijaolewa. Tulimeza pamoja, asubuhi na jioni, dawa zake na zangu juu ya meza ileile, mbele ya watoto. Hakuficha tena kitu. Simu anaiacha popote.

Mezani ananitania kidogo kidogo, si kama zamani. Tumbo likimshika naona mkono unakwenda chini ya kifua, nami namuuliza, naye anasema hakuna kitu. "Hakuna", kwa sauti ileile ya spana.

Mwezi uliopita alirudi kupimwa. Nilipika mapema, nikamsubiri mlangoni. Nilimsikia kabla sijamwona, anakuja kwa miguu kando ya ukuta, simu sikioni, anacheka na yule wa Mutoshi mpaka pumzi inamkatika.

"Ameenda, ndugu! Eliko ameenda!"

Niliingia ndani haraka, nikajifanya napakua, ili anikute sijui, aniambie mwenyewe.