Walii wa Sabra

Sabra alipofariki, Pazi hakulia mbele za watu. Alibeba jeneza pamoja na wenzake mpaka makaburini, akatupia udongo wake, akarudi kupokea wageni. Kilio kilimjia siku nyingine, matanga yameshaanuliwa, alipozunguka nyuma ya jiko akakuta kanga ya mkewe bado iko kambani, imepauka kwa jua, hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana, kwenye kilima kilicho juu ya Kinole, katika ardhi ya ukoo wa mama yake Sabra. Kule Uluguru ardhi hupita kwa mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Atalima, atajenga, atapanda miti, lakini mwenye ardhi ni lukolo, yaani ukoo wa mke, na watoto pia ni wa ukoo huo. Pazi alilijua hilo tangu alipotoka kwao Tawa na jembe begani. Hakulifikiria sana. Yeye na Sabra walijaliwa watoto wawili, na wote wawili walizikwa wangali wachanga. Baada ya hapo wakaacha kuzungumzia watoto, wakapanda mikarafuu.

Arobaini ilipopita, akaja Yunusi. Huyu ni kaka mkubwa wa Sabra, na ndiye aliyeshika mambo ya ukoo baada ya wajomba kufa. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Shemeji," alisema, "watoto wa dada zangu wamekua, hawana pa kulima. Wananiuliza ni lini."

"Lini nini?"

Yunusi aliinamisha macho. "Lini utarudi kwenu."

Pazi hakugombana naye. Kesho yake aliteremka Morogoro mjini kwa Nasra, binti wa dada yake, ambaye ni fundi cherehani pale Msamvu. Nasra alizima cherehani akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba, una cheti cha ndoa?"

Cheti kilikuwepo zamani. Sabra alikiweka kwenye sanduku la bati pamoja na nguo zake za harusi. Mvua za Elinino zilipoporomosha kilima, chumba cha nyuma kilikwenda na maji, na sanduku likaenda nacho. Wao walinusurika. Wakati ule nani angewaza kutafuta karatasi?

"Basi ukaombe nakala," Nasra alisema. "Bila cheti, ukifika baraza la ardhi watakuona mpangaji tu."

Ndipo Pazi akaanza safari za ofisi ya usajili wa ndoa. Msichana wa dirishani aliitwa Diana, mtoto wa watu mwenye adabu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuja kuulizia ndoa yangu."

Diana alimuuliza mwaka, msikiti, na jina la shehe aliyefungisha. Pazi alijibu kwa uhakika. Msichana akaenda chumba cha ndani, akakaa huko muda mrefu, akarudi na vumbi mikononi. Hakuona kitu. Akamwambia arudi wiki inayofuata, yeye atamtafutia katika miaka ya jirani, huenda iliandikwa kwa kuchelewa. Wiki iliyofuata pia hakuona. Msikitini nako shehe yule alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na waliokuja baada yake hawakurithi daftari lolote.

"Wengine zamani walikuwa wakishamkabidhi bwana harusi nakala yake, basi, wanaona wamemaliza," Diana alisema. "Lakini usijali, baba, bado kuna njia. Njoo na mama, mtakula kiapo pamoja kwa hakimu, sisi tutaisajili. Mama yuko wapi?"

"Yuko Kinole," Pazi alisema.

"Anaweza kutembea?"

Pazi alishika ukingo wa dirisha. Nyuma yake watu walikuwa kwenye foleni.

"Amezikwa Kinole."

Diana aliweka kalamu chini. Alimpa pole kwa sauti ya chini, kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akamweleza kwamba kwanza atahitaji kuleta cheti cha kifo. Pazi hakuwa nacho. Alikuwa amekwepa kukifuatilia, akiona kama ni kumzika Sabra mara ya pili. Siku hiyo alirudi kwa Nasra, akajilaza bila kuvua viatu.

Cheti cha kifo kilipatikana. Kikabaki kiapo cha ndoa, na kilihitaji mtu aliyekuwepo siku hiyo. Mashahidi wote wawili walikuwa wamekufa. Baba yake Sabra alikufa kabla ya harusi, kwa hiyo aliyesimama kama walii, akamwozesha binti yule kwa mdomo wake, alikuwa kaka mkubwa. Alikuwa Yunusi.

Pazi alikaa na jambo hilo moyoni siku kadhaa. Halafu akaenda. Alimkuta shemeji yake uani, anatandaza pilipili manga kwenye turubai. Akamweleza yote bila kuzungukazunguka.

"Unataka cheti ili unishitaki," Yunusi alisema.

"Ndiyo. Na nataka siku yangu ikifika nilazwe karibu yake. Sina lingine."

Yunusi aliendelea kugeuza pilipili kwa kiganja, upande huu, upande ule. Mkewe alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

"Mahakamani ni siku gani?" Yunusi akauliza.

Siku hiyo alivaa kanzu yake ya Idi. Hakimu alipomtaka aseme anachokijua, alisimama wima.

"Mimi ndiye niliyemwozesha," alisema. "Nilimshika huyu mkono, nikamwambia nimekuozesha dada yangu Sabra, naye akajibu nimekubali. Ilikuwa mvua, tulikula pilau ndani tumebanana. Tangu siku ile dada yangu hajawahi kuja kwangu kumshitaki mumewe. Hata mara moja."

Hapo akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Hakimu akaangalia pembeni, akamwacha apumue.

Walipotoka waliingia mgahawa wa jirani kunywa chai. Yunusi ndiye aliyeanza.

"Kuhusu makaburi, shemeji. Nimesema kweli kule ndani, na hapa pia niseme kweli. Baba yangu mzazi hakuzikwa pale. Alitulea sote juu ya kilima kile, alizeekea pale. Alipokufa tulimbeba tukampeleka kwao. Mama alitusindikiza mpaka mtoni, akasimama, akatuangalia tukivuka. Nilikuwa kijana, nilishika upande wa kichwa." Alisogeza kikombe. "Baba yangu sikumpatia nafasi. Nitakupatia wewe vipi?"

"Na watoto wangu waliolala pale?"

"Wale ni wetu," Yunusi alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomuumiza Pazi zaidi.

Wiki chache baadaye Diana alimkabidhi cheti, kikiwa na mhuri na majina yao wawili. Nasra alikuwa ameshaulizia mwanasheria. Pazi alikisoma kile cheti usiku na mchana, akakirudisha ndani ya bahasha, akasema hashitaki.

"Mjomba, tumehangaika kote huko kwa ajili ya nini?"

"Hata nikishinda, watanipa miti. Kulala pale hawatanipa."

"Miti ni jasho lako."

"Ni letu wawili. Mimi peke yangu nitaifanyia nini?"

Nasra alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alikwenda kulia chooni ili mjomba wake asimwone.

Yunusi alimwomba Pazi asiondoke kabla ya mavuno. Pazi akavuna karafuu mara ya mwisho pamoja na wapwa wa Yunusi, akiwaonyesha namna ya kuinamisha tawi lisivunjike. Walikuwa vijana wazuri, walimwita baba, na hakuweza kuwachukia ingawa alijaribu. Asubuhi ya kuondoka alipita makaburini peke yake, akakaa mpaka jua likawa kali.

Siku hizi yuko Tawa, kwenye nyumba ya dada yake. Wamempa chumba kizuri chenye dirisha. Wanawake wa pale wameshamtajia mjane mmoja mpole wa jirani, mara ya kwanza kwa mzaha, mara ya pili kwa dhati. Amewaambia yeye ana mke. Hawakumtajia tena. Hakuna mtu pale aliyewahi kuishi na Sabra, kwa hiyo akimtaja, mazungumzo hufika mahali yakasimama.

Yunusi humpigia simu mara mojamoja. Mwezi uliopita alipiga kumwambia kwamba wamefyeka makaburi, majani yalikuwa yamezidi.

"Ahsante," Pazi alisema. "Huko mvua imeanza?"

"Imeanza."

"Huku bado."

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuaga. Walibaki hivyo, simu masikioni, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka salio la Yunusi likaisha.